Masahihisho ya Ile Habari ya Sayari

Mwanangu Mwende,

Ni saa kumi na moja kasoro robo na mwanga wa dirishani bado unatosha. Umetoka na Mjomba wako Kioko kwenda soko la Burma kuchukua nyama ya kukuaga. Namjua Kioko. Hawezi kupita bucha bila kusalimia, na kila bucha atasimama aseme, "Huyu ndiye mpwa wangu anaenda India," hata kwa watu waliokuona ukibebwa mgongoni. Nina saa moja na nusu. Nimeandika habari ndefu kwa muda mfupi kuliko huo.

Mambo ya safari siyagusi. Pasipoti, sweta, dawa ya tumbo, mtu wa kumpigia simu ukifika chuoni Pune, yote hayo Mama Otieno wa mlango wa pili amekuhubiria tangu Jumapili, na kwa mpangilio bora kuliko wangu. Barua hii ni ya masahihisho. Unakijua kile kisanduku kidogo chini ya ukurasa wa pili wa gazeti letu, ambacho nadhani msomaji wake ni wewe peke yako. Kanuni yake nilikufundisha ukiwa darasa la tano: taja ulichoandika, taja kilicho kweli, usijitetee. Nimeandika masahihisho ya makosa ya watu wengi pale ofisini. Ya kwangu niliyaacha.

Naanza na la karibuni. Jumanne ya wiki iliyopita ulikuwa unapiga pasi mezani hapa ninapoandika. Uliniuliza bila kuinua macho, "Baba, nikienda, ni nini itabadilika hapa?" Nikajibu, "Hakuna kitakachobadilika." Ningeweza kusema nilitaka kukutuliza, uende bila mzigo, lakini huko ni kujitetea, na pia si kweli. Sikufikiri. Lilikuwa ndilo jibu lililokuwa karibu. Ulisema, "Sawa." Ukaikunja ile sketi ya kijivu, ukachukua nyingine.

Tangu siku hiyo unaniambia chai iko tayari, maji yamerudi, kuna mtu wa ofisini alikuja. Zaidi ya hapo, kimya. Mimi sikukiona kimya hicho, kwa sababu nyumba yetu haikuwahi kuwa na kelele. Aliyekiona ni Mama Otieno. Alinisimamisha pale mferejini Alhamisi.

"Baba Mwende, umemwambia nini huyu mtoto?"

Nikamwambia sijamwambia kitu.

"Si ndiyo hiyo. Ameniuliza kama mtu anaweza kuhama mahali na hapo mahali pasijue. Mimi nikamwambia hata paka akihama, panya wanajua."

Akachukua ndoo yake akaenda. Nilibaki pale nimesimama, kopo langu likifurika. Nilikuwa nimewahi kuandika kosa hilo hilo, kwa maneno mengine, na wewe ukanirudi. Unakumbuka ni lini.

Ulikuwa kidato cha tatu. Siku ile nilikuwa zamu ya habari za nje, kazi wanayopewa wazee wa ofisi wakionekana wamechoka na mahakama. Mashirika ya habari yalikuwa yametuma taarifa kwamba wataalamu wa Ulaya wamegundua sayari inayoizunguka nyota nyingine inayofanana na jua letu. Sayari kubwa, ya jamii ya Jupita, lakini iko karibu na nyota yake kiasi kwamba mwaka wake mzima ni siku nne na kitu. Niliitafsiri vizuri. Karatasi ya mashine inayopokea taarifa hizo ilikuwa imekatika kabla ya aya za mwisho, na mhariri alikuwa mlangoni anangoja. Habari ilihitaji mwisho. Nikaandika: "Nyota yenyewe imetulia mahali pake, bila kuathiriwa kwa lolote na sayari hiyo."

Sentensi hiyo haikutoka kwa shirika lolote. Ilitoka kwangu. Ilikuwa na mdundo mzuri.

Kesho yake jioni nilikuja na gazeti kama kawaida, ukalisoma huku sukuma ikichemka. Ukasema, "Sasa Baba, kama hiyo sayari haifanyii nyota kitu, walijuaje iko?"

Nikasema wameiona kwa darubini.

"Hapana, imeandikwa hapa juu hawajaiona. Wewe ndio umeandika."

Ulisema kweli. Aya ya tatu. Ndipo ukatoka nje, ukarudi na spoku ya ile baiskeli mbovu ya kina Otieno. Ukachoma kitunguu ncha moja na ndimu ncha nyingine, ukatafuta mahali ambapo spoku inalala sawa bila kuinama, ukafunga uzi hapo. Uzi ulikaa karibu kabisa na kitunguu, lakini haukuwa ndani ya kitunguu. Nakumbuka ulinionyesha hilo kwa kidole. Kisha ukauning'iniza ukausokota. Ndimu ikazunguka duara kubwa. Kitunguu nacho kikazunguka duara lake dogo, upande wa pili.

"Hakuna mwenye ametulia," ulisema. "Mkubwa anazunguka kidogo tu, ndio maana anadhani amesimama."

Mambo yaliyobaki nilikwenda kuyauliza mwenyewe, kwa sababu sipendi kushindwa nikiwa nyumbani kwangu. Niliyaandika kwenye kijitabu changu wiki ile na ninacho mbele yangu sasa. Nyota ikivutwa na sayari inatujia kidogo, kisha inarudi nyuma kidogo, na mwanga wake hubadilika kwa kipimo kidogo sana. Nililielewa hilo upesi. Babu yako alikuwa mtu wa reli, nasi tulikulia Muthurwa kwenye nyumba za reli. Usiku au mchana, bila kuangalia, kila mtoto alijua treni inakuja au inakwenda, kwa jinsi honi ilivyopanda na ilivyoshuka. Wale wataalamu waliisikiliza nyota hivyo hivyo. Hawakuiona sayari. Waliona nyota kubwa inayumba kila baada ya siku nne, wakajua haiko peke yake.

Nilikuambia kosa nimelikubali. Ukauliza, "Basi mtaandika masahihisho?" Nikasema masahihisho ni ya majina ya watu na mambo ya korti. Nyota haiwezi kutushtaki. Nikasema hakuna msomaji atakayelalamika.

"Mimi ni msomaji," ulisema.

Nilicheka. Sikuandika.

Ijumaa iliyopita nilichukua ruhusa kazini. Wewe ulikuwa mjini na mambo ya viza. Nikatoa yale makatoni chini ya kitanda changu, yenye vijitabu vyangu vya kazi. Unajua situpi hata kimoja. Nilitaka kuhakikisha jibu nililokupa Jumanne, kama ningehakikisha la mtu mwingine yeyote. Nimeambiwa ofisini kwa miaka kwamba mimi siyumbi. Wananiita Jiwe, hilo unalijua. Yule mpiga picha wetu husema, "Jiwe akiambiwa ofisi inaungua, atauliza inaungua upande gani na nani amethibitisha." Jina hilo nililipata siku mama yako alipokufa, na kuhusu siku hiyo sijawahi kukueleza.

Ulikuwa na miaka tisa. Alikuwa hospitalini wiki ya tatu. Simu ilikuja ofisini saa tisa alasiri, katibu akaipokea, akaiweka chini, akanijia akaniambia. Nilikuwa naandika habari ya kesi. Zilibaki kama aya tatu. Nilizimaliza, nikaipeleka mezani kwa mhariri, nikachukua koti. Habari ile haikuwa na kosa hata moja. Watu wakaanza kunisifu kwa hilo, kwa sauti ya chini, nami sikuwakataza. Sikuwa jasiri. Sikuwa nasikia kitu, kama mkono uliolaliwa. Unaweza kuandika vizuri sana kwa mkono wa namna hiyo.

Kesho yake niliandika tanzia. Mfanyakazi aliyefiwa hupewa nafasi ya mistari sita. Niliweka jina la mama yako, kwao Kangundo, kanisa lake, ndugu zake, siku ya mazishi. Mstari wa mwisho ulizidi, nikapunguza. Ukatoka hivi: "Ameacha mume na mtoto mmoja." Jina lako ndilo lililozidi.

Mwaka jana, tukila nyama Burma, Kioko aliniambia kitu alichokuwa amekikalia muda wote huo. Kwamba siku ya matanga ulikuja na gazeti, kidole chako kikiwa juu ya mstari ule, ukamuuliza huyo mtoto mmoja ni nani. Akakwambia ni wewe. Ukamuuliza, "Basi kwa nini hawakuniandika?" Kioko ni mtu wa kuchonga twiga na vifaru, hajui mambo ya mistari. Alikujibu kwamba pengine wino uliisha. Alipokuwa ananisimulia aliacha kula. Mimi niliendelea. Nakuambia hili kwa sababu ndilo lililotokea: niliendelea kula.

Sasa vijitabu. Katika kila kimoja, juu ya kila siku, naandika saa niliyotoka na saa niliyorudi. Nilifanya hivyo kabla ya mama yako kufa na baada yake. Kabla, nilirudi saa yoyote. Baada, siku za shule, ni saa kumi na moja, saa kumi na moja na robo, saa kumi na moja, mwezi baada ya mwezi. Shule zikifungwa ukaenda Kangundo kwa bibi yako, saa zinapotea tena: saa mbili usiku, saa tatu, saa nne. Shule zikifunguliwa, saa kumi na moja. Nilikuwa nadhani hiyo ni tabia yangu.

Kisha nikaanza kuona herufi mbili pembeni ya kurasa. "Mw." Katikati ya ushahidi wa mtu aliyeshtakiwa kwa wizi wa mabati: "Mw. viatu." Kwenye hotuba ya waziri: "Mw. jino, Jumatatu." Kwenye orodha ya safari za kikazi, Mombasa siku tatu, na mbele yake mwandiko wangu: "Hapana. Mw." Kisumu: "Hapana. Mw." Sikumbuki kuandika hata moja ya hizo. Nilizisoma kama ninavyosoma mwandiko wa mtu mwingine. Nilianza kuzihesabu, na kwenye katoni ya tatu nikaacha, kwa sababu jambo lilikuwa limethibitika.

Hilo ndilo la kwanza. La pili ni gumu zaidi, na usifikiri nimelisahau. Athari haiendi upande mmoja.

Sayari iliyo karibu hivyo na nyota haifaidiki na ukaribu. Wataalamu wanaamini huishia kuielekezea nyota uso mmoja tu, kama mwezi wetu, ambao wewe na mimi na kila mtu wa mtaa wetu wa Jericho hatujawahi kuona mgongo wake. Upande mmoja ni mchana usiokwisha na joto la tanuri. Wa pili haujui jua. Na wapo wanaodhani joto hilo linaipeperusha hewa ya sayari kidogo kidogo ikapotelea angani. Hilo halijathibitishwa, kwa hiyo naliandika kama dhana. Wanadhani pia kwamba haikuzaliwa pale. Ilizaliwa mbali, kwenye baridi, kisha kitu kikaisogeza ndani.

Wewe hukuzaliwa karibu nami, Mwende. Ulikuwa mtoto wa mama yako. Mimi nilikuwa mtu anayekuja na gazeti. Kifo kilikusogeza. Ndani ya mwaka mmoja ulijua kutokana na mlio wa viatu vyangu, kuanzia getini, kama siku ilikuwa nzuri. Ulijua wakati wa kupunguza redio. Ulijua kwamba nikikaa na koti mwilini, usiulize. Mtoto wa miaka kumi. Wenzako walikuwa wanaruka kamba hapo nje, wanakuita, "Mwende, sasa? Si ukuje!" na wewe unasema, "Baba anakuja saa hizi." Nilikusikia ukisema hivyo zaidi ya mara moja nikiwa nakaribia mlango. Nilifurahi. Nilipaswa kukutuma nje.

Ulipomaliza darasa la nane uliitwa shule ya bweni, shule nzuri ya wasichana, mbali na hapa. Nilikwambia mabweni yana msongamano na maji hayatoshi. Sikuwa nimempigia mtu yeyote simu kuuliza. Kwa miaka yote ya kazi yangu sijawahi kuandika jambo kuhusu shule bila kuuliza shule. Nilimwambia mtoto wangu uongo ambao nisingemwambia msomaji, ukaenda shule ya kutwa, ukarudi kila jioni saa kumi, ukanielekezea uso ule ule miaka minne mingine. Uligeuka lini? Nadhani uligeuka kupitia paa. Ulianza kupanda kwenye tangi la maji lililo juu yake na atlasi yako ya shule, ukisema unatafuta nyota, na Mama Otieno akipiga kelele kwamba utaanguka umwagikie nguo zake. Mimi sikukukataza. Kati ya yote niliyofanya, hilo sihitaji kulisahihisha.

Kwa hiyo usisome barua hii kama kamba. Unaenda kwa sababu umefuzu, na kwa sababu mtu hawezi kuona nyota vizuri akiwa ameisogelea kiasi hicho. Sikuombi uandike kila wiki. Sikuombi ukumbuke lolote. Nakuomba ukifika huko ugeuke, uone upande wako mwingine una nini.

Nimekuwa mwangalifu nisifanye fumbo. Nyota haina mtoto. Haijui kitu. Lakini kuna jambo moja nililomuuliza mwalimu wako wa fizikia tulipokutana siku ya kuchukua cheti chako. Nilimuuliza, kama sayari ile ingeondolewa, nyota ingekuwaje. Akasema, "Haingezima, mzee. Ingewaka vile vile. Ingeacha kuyumba tu."

Nimekaa na jibu hilo. Ofisini wataniona wiki ijayo na watasema Jiwe ni yule yule. Nitawahi kazini, nitamaliza aya zangu, sitakosea majina. Wataona mtu aliyetulia. Watakaojua tofauti ni wawili: mimi, kwa kuwa sasa nimesoma vijitabu, na wewe, ukisoma hapa. Nilijivunia kutulia kwa muda mrefu, nikadhani ni nguvu. Kumbe nilikuwa nayumba kila siku saa kumi na moja, na hiyo ndiyo iliyokuwa afya yangu.

Sisikii huzuni kama wanavyoisimulia watu. Nakwambia hivyo usije ukaitafuta usoni pangu kesho kwenye uwanja wa ndege ukaikosa, ukarudia lile neno lako, sawa. Mkono ule bado umelaliwa. Siwezi kukuahidi utaamka lini. Usipime uzito wako kwa uso wangu. Pima kwa vijitabu. Makatoni yako pale chini ya kitanda, na ukirudi likizo utayasoma mwenyewe.

Namsikia Kioko huko getini. Anamwambia mtu kuhusu India. Nitaiweka barua hii ndani ya ile atlasi, kwa kuwa najua ndiyo utakayoifungua kwanza. Namalizia kwa utaratibu wa ofisi.

MASAHIHISHO. Katika tanzia ya marehemu Ndunge, miaka kumi iliyopita, tuliandika kwamba ameacha mume na mtoto mmoja. Ilipaswa kusomeka: ameacha mume, na mtoto wao Mwende.

Katika habari ya sayari mpya, tuliandika kwamba nyota imetulia mahali pake bila kuathiriwa. Si kweli. Nyota huyumba, na ndivyo ilivyojulikana kwamba ina sayari. Msomaji mmoja alituarifu siku ile ile.

Jumanne ya wiki iliyopita, mwandishi aliulizwa ni nini kitakachobadilika nyumbani kwake, akajibu hakuna. Hakuwa amethibitisha. Kitabadilika. Ni kwa kiasi gani, bado hakijapimwa.

Baba yako